Boniphace, Injini Mpya na Bibi Harusi wa Manyamanyama

Boniphace wa Bweri alizaliwa na haraka. Mama yake anasema mkunga alikuwa bado anatafuta glovu, mtoto kashatoka analalamika. Alipopata gari lake dogo jeupe la kukodisha, alilikimbiza mpaka injini ikafa. Fundi Kwangu akaifungua, akaifunga upya. Wiki hiyohiyo Boniphace akashindana na basi la Mwanza, akaliacha, na injini ikafa tena barabarani. Basi likampita taratibu, abiria wakimpigia makofi kama mheshimiwa.

Kwangu aliifunga tena Alhamisi, bila kutabasamu.

"Sikiliza, Boni. Ringi na silinda hazijazoeana. Usizidi sitini. Usishike mwendo mmoja, panda, shuka, panda, shuka. Hii ikifa sigusi tena, utanunua baiskeli."

"Mpaka lini?"

"Kilomita elfu."

"Elfu! Si ungenifungua na mimi, ukanifunga upya?"

Jumamosi ilikuwa harusi ya Happyness, binti wa marehemu kaka yake. Anatoka Manyamanyama, pale Bunda, anaolewa Butiama, misa saa nane. Ukoo mzima haukuwa na gari lingine jeupe, na Boniphace alishaahidi. Akafunga utepe kwenye boneti huku akiliombea.

Sasa, kwetu gari la bibi harusi halipitwi na gari lolote la msafara. Hata uwe na mgonjwa, kaa nyuma. Kwa hiyo nyuma ya Boniphace walijipanga pikapu ya tarumbeta, Noah za wajomba na Kosta ya kwaya, wote wakimtegemea dereva mwenye sifa ya radi. Radi ikatoka Bunda kwa arobaini.

Hamsini. Sitini. Arobaini tena. Wapiga tarumbeta waligongwa meno na vyombo vyao. Boniphace alitoka jasho, magoti yakicheza, vidole vikipiga ngoma kwenye usukani. Pikapu ya nyanya ikampita. Akaitazama kama mwanaume anayemtazama mchumba wake akicheza na mwingine.

"Baba mdogo, hii gari inaumwa?" Happyness akauliza.

"Inazoeana, mama."

"Na padri je, yeye anazoea?"

Dada yake Boniphace, shangazi Gaudensia, alikuwa kiti cha mbele na rozari mkononi. "Boni, ulikuwaga unatufikisha Musoma sijamaliza hata Salamu Maria tano. Leo nimemaliza matendo yote, Kiabakari yenyewe sijaiona!"

Ndipo likaja basi la Mwanza, lilelile. Likapiga honi, na kondakta akatoa kichwa dirishani, uso umejaa huruma.

"Poleni na msiba!"

Hakuwa peke yake. Kuanzia hapo wazee wa barabarani walivua kofia. Wanawake wa Kiabakari walitua ndoo zao, na mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Wananizika!" Happyness akapiga kelele. "Baba mdogo, kanyaga!"

Mguu wa Boniphace ukalalia pedeli. Mshale ukagusa sitini, ukachungulia mbele. Akaurudisha.

"Nikikanyaga, mwanangu, kesho mimi ni abiria maisha yangu yote."

"Basi simamisha."

Alishuka na shela lake lote, akapanda pikapu ya tarumbeta, kando ya dereva. Msafara mzima ukampita Boniphace, gari baada ya gari, na kila mjomba akiwa na neno. Hakuna lililofaa kusikika karibu na kanisa.

Wakabaki ndugu wawili. Baada ya Makutano barabara ya Butiama ilikuwa tupu, imenyooka, inamwita. Akauma mdomo.

"Kanyaga sasa," Gaudensia akanong'ona. "Nani anakuona?"

"Injini inaniona."

"Inaona! Mtakatifu Injini, utuombee!"

Walikuwa hawajafika kanisani walipokutana na tarumbeta. Padri aliyechoka kungoja alikuwa ameshafungisha ndoa mbiombio, na msafara ulikuwa unarudi, unaelekea Musoma kwenye sherehe. Happyness alikuwa palepale kwenye pikapu, mume amebanwa katikati, na akampungia baba yake mdogo mkono kama mtu anayeagana na meli mbovu.

Boniphace akaanza kugeuza. Gaudensia hakungoja gari lisimame. Alifungua mlango likiwa limekingama barabarani, akashuka, akakimbia na viatu vyake vya harusi kuiwahi Kosta ya kwaya. Hakugeuka hata kufunga mlango.

Boniphace akaufunga mwenyewe. Akaitegea injini sikio. Hakukuwa na kelele. Kwenye kioo hakukuwa na moshi, ni vumbi tu la jamaa zake. Arobaini. Hamsini. Sitini. Akatukana, taratibu, kwa lugha ya nyumbani kwao, akarudi arobaini.