Kituo Nilichokiweka Kwenye Ramani

Sijui nicheke au nitubu. Kijijini kwetu Uluguruni kuna waya wa kushushia kabichi hadi barabarani. Ramani ya simu, ambayo yeyote anaruhusiwa kuichangia, iliniuliza: waya huo ni wa mizigo au ni usafiri wa umma? Nikapima kwa haki. Ni wa kijiji kizima, haubagui mtu, na mwenyewe niliwahi kuudandia siku ya mvua. Nikaandika usafiri wa umma, nikajiona mtaalamu.

Juzi mama mkwe akaja kutoka Turiani. Shamba ninalolima ni la ukoo wake, na alikuja kuamua kama niendelee kulilima. Nikamngoja huku juu mpaka chai ikapoa. Kumbe yuko barabarani na magoti yake mabovu, akimwonyesha mpakia kabichi simu.

"Kituo si hapa?"

"Ndipo, mama. Ila abiria wetu huwa kabichi, nazo zinashuka tu."

Akapanda mlima kwa miguu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Marahaba sikuipata.

"Nani kaandika kwamba watu wanapanda waya?"

Nikasema tusimhukumu, huenda alikuwa na nia njema.

"Nia njema imenianika juani tangu asubuhi!" Akampa mke wangu simu. "Hapo chini pana jina la mwandishi. Nisomee, mwanangu, miwani nimeisahau."

Mke wangu akanitazama kwanza. Kisha akasoma jina langu kwa sauti, akamalizia na la marehemu baba.