Niliacha dawa za sukari nikategemea calcium ya magamba ya chaza, mama mkwe akavunja mwiko

Wakuu, habari za humu.

Nyuzi za sukari huwa nazisoma na kupita kimya. Leo naandika yaliyonikuta mwenyewe, na siongezi chumvi.

2014 nilikuwa mwalimu Kitahana, Kibondo. Kwetu Tanga, ila nimeoa Muha wa Heru Juu, kule Kasulu. Sukari nilishakuwa nayo, nameza vidonge vya hospitali.

Nina rafiki, namwita Shekhe, ana duka Kibondo mjini. Mtu wa pwani mwenzangu, tunapendana kama ndugu. Akarudi safari na kopo la calcium ya magamba ya chaza.

"Hii natural, inaamsha kongosho. Zile za hospitali zitakumaliza figo."

Akanipa bure, kwa mapenzi tu.

Nikaanza kumeza. Mwanzoni nikajisikia mwepesi, nikaacha vidonge kimyakimya. Hata wife hakujua.

Wakati huo wife kajifungua, mama mkwe akaja kumlea. Yule mama alishika heshima ya ukwe ya zamani hasa. Ananisalimia kwa Kiha, "mwidiwe", akiwa nyuma ya pazia, namjibu, imeisha. Chakula anakula jikoni.

Kumbe ananiona. Ndoo ya maji ya kunywa naimaliza peke yangu, chooni siachi kwenda, suruali zinanivuka.

Jioni moja nasahihisha madaftari, pazia likafunguka. Mama mkwe akaingia, akakaa mbele yangu. Nikasimama kwa mshtuko. Wife yuko mlangoni na kichanga, kaduwaa.

"Kaa, mwanangu. Dawa yako iko wapi?"

Nikampa kopo.

"Hii nini?"

"Magamba ya chaza mama, ya baharini."

"Na ile ya hospitali?"

"Nimeiacha, mama."

Akaanza kulia. "Binti yangu ana mtoto mchanga. Unataka nirudi naye nyumbani hana mume?"

Wakuu, nilikosa pa kuweka uso.

Asubuhi bodaboda mpaka hospitali. Wakanitoboa kidole, mashine ikaandika HI. Nikadhani inanisalimia! Nesi akaniambia sukari imepanda mpaka kipimo kimeshindwa kuisoma. Nikalazwa.

Daktari hakunifokea. Alisema calcium ni ya mifupa, mwenye upungufu inamfaa, iwe ya magamba au ya kiwandani. Kwamba inashusha sukari, bado haijathibitika kiasi cha mtu kuacha dawa. "Ukitaka kuongeza kitu, njoo uniulize kwanza."

Shekhe alikuja wodini macho mekundu. "Nisamehe ndugu yangu, nilitaka upone."

Nilijua. Tukashikana mikono, hakuna aliyetaka kuachia.

Niliporudi nyumbani mama mkwe akahamia mezani kabisa. Ananipakulia mwenyewe, kibonge kidogo cha ugali wa muhogo, maharage na mboga za majani tele, halafu ananikodolea macho nisiongeze. Nikimeza vidonge anataka nifungue mdomo aone! Sukari ikashuka taratibu, nguvu zikarudi.

Siku ya kuondoka nikamsindikiza stendi. Akanishika mkono mbele za watu.

"Wewe si mkwe tena," akasema. "Umeshakuwa mtoto wangu. Na mtoto akikosea namchapa."

Abiria wakacheka. Mimi machozi yananilenga.

Nilichojifunza: anayekupenda anaweza kukupa kitu kisichokufaa, na nia yake ikawa safi kabisa. Dawa usiache bila kumwambia daktari. Kama una mgonjwa wa sukari ndani, muulize leo hii anameza nini.

Haya, wenye sukari na wenye wakwe wakali, uwanja ni wenu.