Filamu za Kuangalia na Wakwe

Gauthier Mwaba, ambaye mtaa mzima wa Katuba unamwita Papa Joëlle, anatengeneza friji. Friji akiitengeneza hupona siku mbili tatu, kisha inarudia ugonjwa wake. Lakini watu hawamwiti kwa ajili ya friji tu. Wanamwita ili, akiwa amechutama nyuma ya mashine na bisibisi mdomoni, awaambie wiki hii waangalie filamu gani.

Mimi ni jirani yake, Rabia, fundi cherehani. Kwa majirani mimi ni Mama Yassine. Filamu nazipenda kuliko usingizi, na nikianza moja siiachi njiani hata iwe mbovu vipi. Naona ni kosa kumwacha mtu katikati ya mateso yake ukaenda kulala, hata kama mtu mwenyewe ni wa kuigiza.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, wapenzi wa filamu tunakutana barazani kwa Gauthier. Tuko tisa. Hatuangalii chochote pale. Kazi yetu ni maneno. Kila mmoja anasema ameona nini na wenzake waone nini, kisha tunakwenda kwa Ramla, mwenye kibanda sokoni, anatujazia filamu kwenye flashi, na kila mtu anaangalia kwake. Jumamosi inayofuata tunarudi kutoa ushuhuda. Nawaambia, kanisani hakuna ushuhuda mtamu kama wa baraza lile. Chileshe, mwalimu wa shule ya msingi, hajawahi kushuhudia bila kusema alilia. Alilia hata kwenye filamu ya vichekesho.

Umaarufu wa Gauthier, hata hivyo, haukutokana na filamu nzuri. Ulitokana na wakwe. Kwa watu wa huku, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali sahani moja, na neno la chumbani halitamkwi wote wawili wakiwepo. Sasa nyumba zetu zina sebule moja, na sebule ina televisheni moja. Wakwe wakija kukaa siku tatu utafanya nini? Ukiizima, umewanyima raha. Ukiiwasha, hujui kwenye kona ya filamu kuna nani anafungua vifungo. Gauthier akaliona pengo hilo akajijengea ufalme ndani yake. Akazigawa filamu zote za dunia katika mafungu matatu: za kuangalia peke yako, za bwana na bibi, na za wakwe. Alikuwa anasimama, ananyoosha kidole juu, anatangaza:

“Hii njo ya bakwe! Munaweza kuangalia na mama-mukwe, na pasta, na mutoto wa kunyonya. Ni miye ninasema!”

Na watu wanaandika. Watu wazima wenye mvi wanatoa kalamu wanaandika.

Siri yake aliniambia mke wake, Léonie, rafiki yangu wa miaka ishirini, siku moja nikimpima nguo. “Papa? Ye analalaka, Mama Yassine. Majina ya ba-acteurs haiyaishe, ye anaisha kulala.” Basi mafungu matatu yalitoka wapi? Yalitoka kwenye ubao wa Ramla, pale anapobandika picha za filamu mpya. Gauthier anasimama mbele ya ubao, mikono nyuma, kama daktari anayesoma karatasi ya mgonjwa. Picha ina bunduki: peke yako. Picha ina watu wawili chini ya mwavuli mmoja: bwana na bibi. Picha ina mama aliyepiga magoti na rozari: ya wakwe. Mwisho wa filamu anauongeza mwenyewe, na siku zote ni ule ule: “Utalia.” Miaka tisa mtu huyu ametuongoza hivyo, akiwa amefumba macho.

Nilinyamaza, maana alinichekesha. Nilikasirika mwezi wa pili mwaka huu.

Jumamosi moja alisimama na kidole chake akatangaza filamu ya mama anayemwombea mwanawe aliyepotea. Picha ilikuwa ya mama, magoti, rozari, kila kitu. Ya wakwe, bila shaka! Filamu hiyo nilikuwa nimeimaliza siku nne kabla. Ni kweli mama anaomba. Lakini katikati, mama akiwa kwenye mkesha wa maombi, mke wa mwanawe anabaki nyumbani na dereva, na wanayoyafanya hayana rozari. Yanachukua dakika sita, taa ikiwaka.

Nikauliza kwa upole, “Papa Joëlle, hii filme uliiangalia mpaka mwisho?”

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. “Mama Yassine, weye shona bikwembe. Mambo ya cinéma utuachie shiye.”

Baraza zima likacheka. Chileshe akaongeza, “Miye niliiangalia na bibi na batoto. Iko propre, safi kabisa. Nililia!”

Niliona aibu, kisha nikaona hasira, na hasira ikakaa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi si mkuu wa mtu, lakini nilitamani sana kuliona guu lile likivunjika.

Sikungoja sana. Joëlle, binti yao wa pekee, alikuwa anaolewa na Mulenga, kijana mpole wa kutoka Kambove. Mahari ilikwisha kupokelewa, ilibaki kupanga siku ya ndoa, na kwa ajili hiyo Mzee Chanda, baba yake Mulenga, alikuja na watu wake Jumapili moja ya mwezi wa tatu. Gauthier alitualika wote wa barazani. Si kwa upendo, msidanganyike. Alitaka wakwe waone kwamba mwenye nyumba hii ana wafuasi.

Tulikula bukari, ugali wetu wa huku, kwa samaki na kuku, tukala tena. Léonie alijiweka kwenye kona ya kabati, akampa Mulenga ubavu wa uso, heshima tupu. Mzee Chanda alikuwa mtu wa maneno machache, na yale machache aliyapima. Alikuwa anataka kuanza habari ya tarehe, mvua ikashuka, mabati yakapiga kelele, hakuna aliyemsikia mwenzake. Gauthier akasimama. Nilikijua kidole kile kabla hakijanyooka.

“Bakwe, wakati mvua inapita, tuone filme moja. Musiogope, hii iko ya heshima!”

Nilikuwa natoka jikoni na sahani ya karanga. Kwenye kioo nikaona mama, magoti, rozari. Neno moja lingetosha. “Papa Joëlle, si hiyo,” basi, tungeangalia mpira au misa. Ulimi ulikuwa mzima na meno yalikuwepo. Sikusema. Niliweka karanga mezani, nikavuta stuli mpaka karibu na mlango, mahali pazuri pa kuona nyuso zote.

Majina hayajaisha, Gauthier akalala. Kichwa kwenye mgongo wa kochi, mdomo wazi, rimoti imekwenda chini ya paja lake. Jirani yake kwenye kochi alikuwa Mulenga, na niambieni, ni mkwe gani atakayepitisha mkono chini ya paja la baba mkwe?

Mama akaomba. Wageni wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Mama akaenda kwenye mkesha. Dereva akagonga mlango.

Mzee Chanda aliinua macho darini akaanza kuchunguza mbao, moja baada ya nyingine. Chileshe alikohoa, akakohoa tena. Mulenga alisimama, akajigonga kwenye fremu ya mlango, akatoka akasimama nje kwenye mvua. Shangazi zake waliinama kutafuta kitu sakafuni ambacho hawakukipoteza. Léonie alivuta kikwembe chake akajifunika kichwa chote, akabaki pale konani bila uso. Na kelele za filamu, jamani, zilishinda za mvua! Mimi nilicheka. Nilijiziba mdomo kwa mtandio, kicheko kikatokea mabegani.

Joëlle ndiye aliyeruka akang’oa waya ukutani. Sebule ikanyamaza, kukabaki mkoromo wa Gauthier peke yake.

Wakamwamsha. Akafungua macho, akaona kioo cheusi, akaona watu wamenuna, akaamini filamu imekwisha vizuri. “Munaona?” akasema. “Si munalia?”

Mzee Chanda hakupandisha sauti. “Papa, hii filme, uliiangaliaka kwanza, mbele ya kutuonyesha?”

Swali dogo, lakini lilikuwa na meno pande zote mbili. Akijibu ndiyo, basi aliwatukana wakwe kwa makusudi, na hakuna baba wa Kambove atakayeacha mwanawe aoe kwenye nyumba inayotukana wakwe. Akijibu hapana, basi mbele ya sisi wote wa barazani, miaka tisa ya kidole juu ilikuwa uongo. Gauthier alitutazama sisi. Akamtazama Joëlle, aliyekuwa bado ameshika waya, machozi yanamtoka. Mimi nilisogeza stuli mbele.

“Apana,” akasema.

“Apana nini?”

“Siiangaliake. Ata hii, ata zingine. Minalalaka, Papa. Tangu miaka tisa minaangaliaka paka mapicha tu, kwa Mama Ramla.”

Nakiri nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kidogo, kisha nikaendelea kufurahi.

Mzee Chanda akageukia baraza letu, lililokuwa limebanana kwenye kochi la pili. “Na ninyi? Banasema kila juma munakutana ju ya mafilme. Nani aliiona hii?”

Chileshe alisoma kamba za viatu vyake. Kumbe televisheni yake iliungua tangu Krismasi ya mwaka juzi. Mwingine, mke wake ndiye anaangalia kisha anamsimulia. Wa tatu anapenda mpira tu, alikuja barazani kwa sababu ya karanga. Mmoja baada ya mmoja wakajitoa, na mimi nikahesabu lita za machozi yaliyotajwa pale kwa miaka tisa, ambayo hakuna jicho lililoyatoa. Wapenzi wa filamu!

Hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Hatimaye ingejulikana nani ni mjuzi wa kweli wa Katuba. Nikanyoosha mkono juu.

“Miye. Niliiona yote, mpaka majina ya mwisho.”

Mzee Chanda akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. “Siku gani, mama?”

“Mwezi wa pili.”

“Basi ulijua.”

“Njo, Papa. Nilijua.”

“Ule alilala, hakuona kintu,” akasema mzee. “Hawa banadanganya paka benyewe tu. Lakini weye ulijua, na ukakala kimya.”

Hakuna aliyecheka. Shangazi mmoja wa Mulenga akaeleza desturi ya kwao: aibu ya wakwe huondolewa kwa kuku mweupe, apelekwe kwa mama mkwe na yule mwenye kosa, kwa mikono yake, magotini. Wote wakakubali kwamba mwenye kosa si Gauthier. Mulenga akaitwa kutoka nje, amelowa chapachapa, wakapanga ndoa Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba. Na Gauthier, huyo aliyetakiwa kuvunjika guu, kabla mvua haijakatika alikwisha kumsogelea Mzee Chanda.

“Papa, kuko ingine filme, ile njo ya bakwe vraiment, kweli kweli.”

“Uliiangalia?”

“Bado.”

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Wakacheka wote, isipokuwa mimi, na Léonie aliyekuwa amekwenda kujificha jikoni.

Asubuhi yake nilinunua kuku sokoni, mweupe kweli, nikambeba mtaa mzima ukiniangalia. Nilimkuta Léonie uani anaosha masufuria ya wageni. Nikapiga magoti kwenye tope. Alipokea kuku kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akamfunga miguu, akamlaza kando ya ukuta.

“Mama Joëlle,” nikasema, “nilikuwa namcheka mume wako. Si wewe.”

Akarudi kwenye masufuria yake. Alisugua moja mpaka likang’aa, akalisuuza, akaligeuza juani, ndipo aliponijibu.

“Kikwembe iko mwepesi, Mama Yassine. Nilikuona mabega yako. Ye alikuwa analala. Paka miye tu njo nilikuwa macho.”