Maua ya Chuma Kwenye Daraja

Papa Habarurema, jirani yetu hapa Mabanga, anachomelea vyuma. Kila ukingo wa ngazi au wa balkoni anaoumaliza, anaufunga kwenye mawe, kisha anaachilia chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imebeba magunia sita ya mchanga, iteremke mtaa na kuugonga. Ukivunjika, hauuzi. Watu wanamcheka. Na mimi nilicheka, mpaka siku nilipomuuliza sababu.

"Tulikimbia vita Masisi," akaniambia. "Kwenye daraja watu wakasukumana. Ukingo ulikuwa muzuri, na rangi. Ukaachia. Mudogo wangu akaenda nao."

Mwaka jana injenia mmoja akamletea mchoro wa kingo za daraja kwenye njia ya Rumangabo, pale wageni wanaposimama kutazama volkano. Maua matupu, vyuma vyembamba kama kidole changu. Papa akatengeneza kipande kimoja, akamwita injenia, akaachilia chukudu. Maua yakalala kama maharage yaliyokanyagwa na ng'ombe.

"Muzee, ile ni ya picha," injenia akasema. "Ukiweka vyuma vinene utaziba volkano."

"Volkano ile yote, patron, nani ataiziba? Na mutu wa chukudu, breki yake ni kipande cha tairi chini ya kisigino. Utamushika na nini? Na majani?"

"Mimi nilisomea hii kazi."

"Basi panda chukudu, uteremuke."

Kazi akapewa fundi mwingine. Yaani mtu ameona kwa macho yake yakianguka, na bado akaenda kuyafunga juu ya korongo!

Papa akawakusanya wenye chukudu. Wakapanga mawe ya lava mbele ya maua, mpaka urefu wa goti.

Jumatatu iliyopita Bienvenu, anayeshusha viazi mjini, breki ilimkatikia kwenye mteremko wa kuingia darajani. Akagonga mawe. Viazi vikapita katikati ya maua, vikaanguka korongoni. Bienvenu akabaki juu, goti limechubuka, akivitukana viazi.

Injenia alifika mchana, akawakuta Papa na wenye chukudu pale. Hata pole hakumpa Bienvenu. Aliuliza ni nani aliyeweka mawe, akaamuru yaondolewe kabla wageni hawajafika.

Papa Habarurema akakaa juu ya mawe.

"Anza na mimi," akasema.

Wenye chukudu wakaja kukaa pembeni yake, mmoja mmoja, na Bienvenu na goti lake.