Bado Hajamaliza Kufa

Ilitangazwa rasmi, kwa herufi kubwa na muhuri wa ofisi ya utamaduni, kwamba mtoto aliye chini ya umri wa miaka saba hana uwezo wa kutofautisha mchezo wa jukwaani na mambo ya kweli. Hivyo basi, kwa usalama wa akili yake, asiingizwe ukumbini. Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa gundi nzuri. Katika ukumbi ule gundi nzuri ilikuwa adimu, kwa hiyo watu wakajua ofisi haitanii.

Bi Pazia alilisoma mara mbili, akaenda zake kukagua kamba. Jina hilo alipewa kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuvuta pazia, na kila Jumamosi asubuhi alilivuta kwa ajili ya watoto wadogo, wale wa kubebwa mgongoni na wa kushikwa mkono. Maonyesho hayo aliyaanzisha mwenyewe.

Naye aliingia humo ukumbini akiwa na miaka minne. Baba yake, seremala wa ukumbi, alimkalisha juu ya boksi la misumari pembeni mwa jukwaa. Kutoka pale alimwona mfalme akilia mpaka watu wazima wakatoa leso. Kisha mfalme yule yule akatoka jukwaani, akajifuta uso, akamwomba baba sigara. Mtoto mwingine angejiona katapeliwa. Yeye jioni ile alimweleza mama yake kwamba amegundua kazi nzuri kuliko zote: unalia, halafu unalipwa. Hata uzeeni, akinusa mbao iliyorandwa, alikuwa akitabasamu peke yake.

Ndiyo maana Jumamosi zake zilikuwa na desturi moja: mchezo hauanzi mpaka mwigizaji avae mbele ya watoto. Mwigizaji huyo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, kinyozi Jumatatu mpaka Ijumaa na bibi kizee siku ya Jumamosi. Aliketi ukingoni mwa jukwaa na suruali yake ya kazini, watoto wakamvisha gauni la maua, wakamtwika wigi la katani, na mmoja, kwa zamu, akamfunga kifungo cha juu. Hapo tu ndipo sauti yake ilipobadilika. Watoto walimwona kinyozi akiondoka na bibi akiingia, na hawakumdai yeyote kati ya hao wawili maelezo.

Bi Pazia alikwenda ofisini kulalamika. Akajibiwa kwa upole kwamba mkaguzi atakuja kutazama onyesho moja. Ikizuka taharuki, pazia likafungwa kabla ya mwisho, Jumamosi ndiyo basi tena.

Siku ya ukaguzi alimsihi shemeji yake. Katika mchezo bibi kizee hufa, kisha huamshwa kwa wimbo, na kinyozi alikuwa na tabia ya kufa kwa muda mrefu kuliko alivyoishi.

"Shemeji, leo kufa kifupi."

"Shemeji, mimi nikinyoa siachi nusu kichwa."

Mkaguzi alifika amechelewa, kama inavyompasa mtu wa cheo chake. Kifungo kilikwisha fungwa. Alipewa kiti cha mbele, ambacho kilikuwa cha mtoto, akakaa magoti yakikaribia kidevu.

Kinyozi, kwa heshima ya mgeni, akafa kuliko siku zote. Akapepesuka, akashika kifua, akakoroma, akaanguka kwa kishindo mpaka vumbi likaruka. Kisha kimya. Mkaguzi akasimama, kile kiti nacho kikasimama naye.

"Fungeni pazia. Huyu mama kazidiwa. Maji, jamani."

Bi Pazia alikuwa ameshika kamba. Kutoka aliposimama aliona miguu tu, na miguu haikutikisika. Shemeji yake alikuwa na presha, na chumvi hakuiacha licha ya kuambiwa. Akifunga, Jumamosi zimekwisha. Asipofunga, na ikawa kweli, atamwambia nini dada yake? Mikono ikaanza kuvuta yenyewe.

Ndipo msichana wa miaka minne, aliyefunga kifungo siku ile, akainuka mkekani akamvuta mkaguzi koti.

"Kaa chini, mjomba. Bado hajamaliza kufa."

Wenzake wakamsogelea mkaguzi kumsaidia kukitoa kile kiti. Chini ya gauni la maua, kidole gumba cha mguu kikacheza. Bi Pazia akalegeza kamba. Wimbo ukaimbwa, bibi akaamka, pazia likafungwa wakati wake. Nyuma ya pazia, kinyozi alisikia maneno ambayo si ya kuandikwa.

Siku hizi Bi Pazia hasimulii hayo bila kufuta macho. Kinyozi alikuja kufa kweli miaka mingi baadaye, upesi, jambo ambalo mkewe alisema halikuwa kawaida yake.

Tangazo halikuwahi kufutwa. Jumamosi iliyofuata mkaguzi aliwahi kuliko watoto wote, akakaa mkekani, akaomba amfunge bibi kizee kifungo cha juu. Aliambiwa asubiri zamu yake.