Koti la Fintan

Katika mpira wa magongo wa kaunti ile, refa huja na watu wake mwenyewe wa kusimama golini na kuamua kama mpira umepita, wawili huku na wawili kule, wamevaa makoti meupe. Dympna Tarpey alikuja na mumewe, binamu zake wawili, na mdogo wake Fintan. Makoti aliyafua yeye, akayapiga pasi yeye. Matusi nayo aliyabeba peke yake.

Mwaka ule aliahidiwa fainali. Hakuna mwanamke aliyewahi kuichezesha. Ilibaki nusu fainali tu, Derrylea na Kilbrackan, mvua ikipiga tangu misa. Mwishoni, timu zikiwa sare, mpira wa Derrylea ulipaa kuelekea milingoti. Dympna alikuwa mbali. Fintan, aliyesimama pale pale chini, akainua bendera nyeupe: umepita kati ya milingoti, pointi. Dympna akamwamini. Derrylea wakashinda.

Watu wa Kilbrackan wakamzingira. "Umetoka nje ule! Hata mbwa wangu kauona!"

"Mama, nenda kachemshe viazi!"

Ndani ya gari akamgeukia mdogo wake. "Fintan, ulipita au haukupita?"

"Jua lilinipiga machoni."

"Jua gani, wewe? Tumelowa mpaka soksi!"

Fintan akatazama dirishani. "Ulitoka. Lakini nilikuwa nimeshainua bendera. Ningeishushaje, watu wote wananiangalia?"

"Basi kawaambie kamati hivyo hivyo."

"Dada, mwenye kipenga ni wewe. Umeshazoea kutukanwa."

Kamati ilimwita Dympna. Fintan hakwenda. Mwenyekiti akamkaribisha chai, akamwita "Dympna mwenzetu," kisha fainali akampa Colman Fahy, refa wa parokia jirani. Jicho lililokosea halikuulizwa hata swali moja!

Siku chache baadaye Fintan akaingia jikoni kwa dada yake. "Dada, koti langu liko tayari? Colman kapungukiwa mtu wa golini."

 Dympna akalichomoa koti kapuni, tope la nusu fainali limegandamana mpaka kwenye kola.

"Hujalifua!"

"Sabuni ile pale. Mikono unayo."

Siku ya fainali Dympna alisimama nyuma ya goli la Fintan, mikono kakunja kifuani. Mpira wa kwanza ulipopaa, Fintan akageuka kumtazama kabla hajagusa bendera.

"Unaniangalia mimi wa nini?" Dympna akafoka, watu wote kando ya uzio wakasikia. "Leo mimi si refa. Tazama mpira!"