Bei ya Mtumishi

Mjini Mpanda, kabla hujatajiwa kodi ya chumba, unaangaliwa miguu. Hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa. Siku dalali aliponipeleka kwenye ile nyumba nilikuwa nimetoka shuleni moja kwa moja, na viatu vyeusi vya kufunika miguuni na madaftari ya wanafunzi kwapani. Mama mwenye nyumba alikuwa barazani anapepeta mchele. Aliangalia viatu, akaangalia madaftari, kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Niliposema Usevya aliweka ungo chini akanikumbatia, maana naye alikuwa mzaliwa wa hukohuko Mpimbwe, kijiji cha tatu kutoka chetu.

"Kumbe ni mwanangu wa nyumbani," alisema. "Chumba hiki watu wananipa laki nzima. Wewe lete themanini. Siwezi kumkamua mtoto wa nyumbani."

Nilipiga goti kumshukuru. Dalali naye aliinamisha kichwa kwa heshima, mnafiki yule, utadhani ameshuhudia ubatizo. Nililipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo desturi ya huku, nikamlipa na yeye ada yake ya mwezi mmoja kwa kazi ngumu ya kutembea nami kutoka sokoni.

Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, na choo chake ndani. Kitanda kikiingia, meza inabaki nje. Binti yangu, ambaye nilimzaa bila ndoa na kumlea kwa msaada wa mama, ilibidi abaki kwa bibi yake Usevya. Nilimwambia ni kwa muda mfupi. Nikawa nafundisha watoto wa watu kusoma na kuandika mjini, wangu anafundishwa na wengine kule, namwona likizo tu, na kila likizo namkuta ana maneno mapya ambayo hakuyapata kwangu.

Pembeni mwa chumba changu palikuwa na kingine, kimefungwa kufuli kubwa la shaba. Kilikuwa na mlango wa kupitia kwangu uliozuiwa kwa misumari, maana zamani vilikuwa chumba na sebule. Nilipouliza, mama mwenye nyumba aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kile ni cha wageni wa kanisa. Padre akipita, katekista akichelewa usafiri, wapate pa kuweka ubavu. Kwa miaka miwili niliyokaa pale sikuona padre wala katekista. Niliona magunia ya mahindi yakiingia wakati wa mavuno na kutoka bei ikipanda. Labda yalikuwa yamepata daraja takatifu, sijui.

Mara moja nilimwomba anipangishe hicho chumba ili nimlete mtoto. Alifikiri, akashika msalaba wake shingoni, akasema kwa ajili yangu angewaambia wageni wa Mungu watafute pengine, ila na chenyewe kingekuwa themanini. Mshahara wa mwalimu haubebi themanini mbili. Nilirudi ndani nikampigia simu mama, nikamwambia mtoto abaki mwaka mwingine. Mtoto alikuwa karibu na simu. Hakulia, aliuliza tu kama na mwaka huo nao ni mfupi.

Upande wa pili wa ua waliishi jirani zangu, mume na mke Wasukuma, na watoto wao. Mume alinunua mpunga Kasansa na Usevya akausafirisha Mwanza. Alitembea na katambuga za matairi zilizoisha visigino, na shati ambalo mimi ningelifutia ubao. Ng'ombe wake walikuwa huko Mpimbwe kwa ndugu zake, na kwa kundi nililowahi kuoneshwa siku moja, angeweza kuinunua ile nyumba pamoja na mwenye nyumba na bado akabaki na maziwa. Lakini mama mwenye nyumba alisoma katambuga tu. Elimu yake iliishia miguuni.

Mama huyo alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisa. Kila Jumamosi asubuhi tulikusanyika kwa zamu nyumba hadi nyumba, tunasali, tunasoma Injili, kisha kila mwenye nia ya kuombea anaitoa kwa sauti na wote tunaitikia. Mwenyekiti ndiye aliyeongoza kiitikio, na alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Alitufundisha pia mambo ya haki na upendo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alifundisha vizuri.

Jumamosi moja mwishoni mwa mwaka zamu ilikuwa kwa wale jirani. Tuliketi sebuleni kwao, na nilikuwa na mawazo yangu, maana kodi ya miezi sita ilikuwa inakaribia, shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na nilishajua binti yangu ataanza darasa la tano bila mimi. Ndipo mke wa jirani alipofumba macho akatoa nia yake.

"Ee Baba, tunakushukuru kwa huyu mama yetu mwenye nyumba. Tangu tuhamie hapa hajatupandishia kodi, ni elfu hamsini ileile kwa vyumba vyote viwili. Uzidi kumlainisha moyo. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," tuliitikia. Na mimi niliitikia. Mdomo ulijibu kwa mazoea kabla kichwa hakijafika.

Kilipofika, nilifumbua macho. Nikaangalia ukuta wao, dari yao, mlango wa kuingilia chumba cha pili ambacho watoto wao walilala. Vyumba viwili, elfu hamsini. Mama mwenye nyumba hakungoja nia nyingine. Alianzisha wimbo wa Bikira Maria katikati ya maombi, juu kuliko koo lake linavyoruhusu, na wanajumuiya wakamfuata wakishangaa. Mimi sikuimba. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo ndani ya sala, na sijaiungama mpaka leo.

Mchana nilimfuata barazani. Sikumzungusha. Nilimuuliza kwa nini mimi nalipa themanini kwa chumba kimoja na jirani analipa hamsini kwa viwili. Hakuona aibu hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Mwalimu, nyie ni watumishi wa serikali. Mvua inyeshe isinyeshe, nyie mwisho wa mwezi mnapokea. Yule anategemea mavuno. Nikimtoza bei ya mtumishi si nitamuua?"

"Yule ana ng'ombe, mama."

"Ng'ombe siwaoni hapa. Wewe viatu vyako naviona."

"Na ile laki uliyosema watu wanakupa?"

"Wangekuja wangenipa," alijibu, akarudi kwenye mchele wake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu wa kijiji kingine angeniibia nikajua nimeibiwa. Huyu aliniibia akiniita mwanangu, kwa lafudhi ya nyumbani, na mimi nikampelekea zawadi ya karanga kila nilipotoka likizo.

Shuleni, tulikoitwa kuandaa muhula mpya, niliwaeleza walimu wenzangu, nikidhani nitapata watu wa kukasirika nami. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mmoja alisema kwa majivuno kwamba yeye analipa tisini. Mwingine akasema mwalimu hawezi kubishana kodi kama muuza nyanya, watu watatuonaje. Kumbe wote walijua kwamba kuna bei ya mtumishi. Waliilipa kama watu wanavyolipa kiingilio cha ukumbi wa heshima, na baada ya kulipa wanakopa sukari dukani. Niliwasikiliza nikatamani kuwafuta wote ubaoni kwa lile shati la jirani yangu.

Kuhama sikuweza. Kuhama ni dalali mwingine, miezi sita mingine, na mama mwingine anayeangalia miguu. Nilichokuwa nacho ni zamu. Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa kwangu.

Walikuja wote, wakabanana kitandani na mkekani, wengine wakasimama mlangoni, maana chumba cha themanini kilikuwa hakitoshi watu wa Mungu. Mwenyekiti aliketi kwenye kiti changu kimoja, nyuma yake ule mlango wenye misumari. Tulisali, tukasoma. Ilipofika zamu ya nia nilifumba macho vizuri kabisa.

"Ee Baba, tunawaombea wenye nyumba wote wa mji huu. Uwape moyo wa kutoza bei moja kwa vyumba vinavyolingana, kwa mwenye viatu na kwa mwenye katambuga. Tunakiombea pia chumba hiki cha pembeni, kilichofungwa miaka miwili kikisubiri wageni wako. Nina mtoto Usevya, anasubiri miaka hiyohiyo. Umfanye yeye awe mgeni. Ee Bwana."

Sala ya mwenzako huwezi kuipinga. Hakuna kiitikio cha kukataa. Na kuitikia kulikuwa kazi ya mwenyekiti, wote walimngoja yeye. Nilimsikia jogoo wa mtaa wa pili akiwika. Kisha alijikohoza, akaitikia, na wote wakapokea kwa nguvu, mke wa jirani kwa nguvu kuliko wote, maskini, maana alidhani ananisaidia kuomba baraka.

Wakati wa chai na mihogo mzee mmoja wa jumuiya, aliyekuwa karibu na ule mlango, aliugonga kwa kidole akauliza, "Mwenyekiti, humo ndani mna nini?"

"Mahindi kidogo," alisema.

"Ya padre?"

Mwenyekiti aliomba chumvi ya mihogo. Mzee aliendelea kula muhogo wake.

Jumatatu mkokoteni ulikuja ukabeba magunia. Jioni mama mwenye nyumba alinipa ufunguo wa kufuli, akaniambia nilipe elfu sitini kwa vyumba vyote viwili. Kumi ya ziada juu ya jirani sikuibishia, niliona ni gharama ya viatu. Halafu akasema, "Nimekusamehe, mwanangu." Alinisamehe. Nilipokea ufunguo nikanyamaza, kwa sababu kama ningefungua mdomo ningekosa chumba.

Misumari niliing'oa mwenyewe. Binti yangu alifika na basi la mchana wa Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa, mrefu kuliko nilivyomwacha, na begi lake kichwani. Aliingia kile chumba akasimama katikati. Kilikuwa bado kinanuka dawa ya kuulia wadudu wa mahindi, na ukutani palikuwa na alama nyeupe mahali magunia yalipoegemea. Alizipima kwa kiganja.

"Hapa alikuwa anakaa nani?"

"Hakuna mtu. Yalikuwa mahindi."

"Muda wote ule?"

"Muda wote."

"Yalikuwa yanalipa shilingi ngapi?"

Nilimwambia mahindi hayakuwa yanalipa. Alifikiri kidogo huku bado ameshika ukuta, bila kuniangalia.

"Ningelala juu yake tu, mama," alisema. "Mimi si mzito."

Nilimwambia alete ndoo tuoshe sakafu. Akaenda kuileta.